Paa la Mwenye Nyumba, Mvua ya Mpangaji

Mvua ya kwanza ya msimu huu ilitukuta tukinunua maji. Ilikuwa jioni, watu wanarudi kutoka kazini, na kijana wa mkokoteni alikuwa amesimama mbele ya ploti yetu hapa Riruta Satellite, Nairobi, na mitungi yake ya manjano. Shosho, bibi wa chumba cha pembeni, alichukua miwili, akatoa noti ya hamsini, kijana akawa anatafuta chenji. Mtungi mmoja wa lita 20 ulikuwa shilingi 20 siku hiyo. Kabla chenji haijapatikana, upepo ukavuma kutoka upande wa Kikuyu, vumbi likainuka, na matone makubwa yakaanza kugonga mabati moja moja, kisha yote kwa pamoja.

Tulijibanza chini ya ukingo wa paa. Maji yaliteremka kwenye mikunjo ya mabati kama nyuzi, nyuzi zikawa kamba, kamba zikawa pazia zito. Yalipiga sakafu ya uani, yakatulowesha miguu, yakabeba maganda ya ndizi na majani makavu, yakapita katikati ya ile mitungi miwili ambayo shosho alikuwa ameshailipia, yakaingia mtaroni na kwenda zake. Nikamwambia, "Shosho, ungengoja dakika kumi tu." Hakucheka. "Ningeyakinga na nini, mwanangu? Paa si langu."

Maneno hayo hayajanitoka kichwani. Shosho ana magunia manne aliyoyapanda mboga ukutani, mimi nina matatu. Tumepitia kiangazi pamoja, tumegawana maji ya kuoshea mchele, tumeona sukuma wiki zikinyauka saa sita mchana na kujaribu kusimama tena usiku. Na katika mazungumzo yetu yote tulikuwa tukilalamikia mbingu. Mvua imechelewa, mvua imepungua, mvua imekataa. Jioni ile, nikiwa nimelowa hadi magotini, niliona kwamba tulikuwa tukiilaumu mvua kwa kosa lisilo lake.

Kesho yake niliamua kupima. Nilichukua kopo lenye kuta zilizonyooka, nikaliegemeza kwa mawe juu ya paa la choo ambako hakuna kitu cha kulikinga, nikangoja. Mvua iliyofuata ilinyesha tangu saa mbili usiku hadi karibu saa tano. Asubuhi nilitumbukiza rula ya mtoto wa shule: milimita 31. Sasa, milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Chumba chetu cha futi kumi kwa kumi kina paa la mita za mraba tisa na kidogo. Kwa hiyo usiku ule mmoja, paa la chumba kimoja lilipokea kama lita 280, yaani mitungi 14. Ploti yetu ina vyumba 12. Piga hesabu mwenyewe: lita 3,360, mitungi 168, ambayo kwa bei ya kijana wa mkokoteni ni shilingi 3,360. Ilishuka yote mtaroni tukiwa tumelala.

Watu wengi hawaamini ninapowaambia kwamba Nairobi si mji mkavu. Makao makuu ya Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa yako Dagoretti Corner, kando ya Barabara ya Ngong, karibu kabisa na sisi. Mvua inayopimwa pale ni mvua yetu hasa. Kwa wastani, upande huu wa mji hupata karibu milimita 1,000 kwa mwaka. London, mji ambao dunia nzima huutaja kwa mvua, hupata kama milimita 600. Tofauti ni kwamba ya London hugawanywa kidogo kidogo katika miezi yote 12, ilhali yetu huja kwa vishindo viwili. Kuna masika, kuanzia Machi hadi Mei, ambayo Wakikuyu, wenyeji wa Dagoretti hii tangu kabla haijaingizwa katika mipaka ya Nairobi, huita mvua ya njahi. Na kuna vuli, Oktoba hadi Desemba, ambayo waliiita mvua ya mwere. Kila mvua ilikuwa na zao lake, na mkulima alijua kabisa kwamba baina ya mbili hizo kuna miezi ambayo ghala ndilo litakalomlisha. Walihifadhi nafaka kwa sababu mvua ilikuwa ya misimu. Sisi wa ploti hatuna ghala la nafaka wala la maji.

Tulicho nacho ni magunia. Gunia ni shamba la watu wasio na ardhi, na linastahili kuelezwa vizuri kwa sababu wengi huliona kama takataka iliyoegemezwa ukutani. Unachukua gunia la nailoni, lile la kilo 90. Unachanganya udongo mwekundu na samadi ya mbuzi iliyokauka, na mchanga kidogo ili maji yapite. Katikati unasimamisha kopo kubwa la mafuta ya kupikia lililotolewa kitako, unalijaza kokoto, unazungushia udongo pande zote, kisha unalivuta kopo juu na kulijaza tena, hadi gunia limejaa na kokoto zimesimama katikati kama nguzo. Hiyo nguzo ndiyo koo la gunia: ukimwaga maji juu, yanashuka kupitia kokoto na kusambaa hadi chini. Halafu unatoboa matundu ubavuni na kupanda miche, thelathini au zaidi ukijua kupanga. Juu unaweka vitunguu au dania. Sehemu isiyozidi nafasi ya kiti inalisha nyumba mboga mara kadhaa kwa wiki.

Ujuzi huu ulienea sana Kibera mwaka 2008. Katika ghasia za baada ya uchaguzi, barabara zilifungwa, vibanda viliteketezwa, na bei ya chakula ikapanda. Shirika la Kifaransa la Solidarités likaanza kugawa miche na kufundisha watu kupanda katika magunia huko Kibera na mitaa mingine ya aina hiyo. Msaada uliisha, magunia yakabaki. Ukipita leo Lindi au Silanga au Makina utayakuta mlangoni, juu ya mitaro, kando ya reli. Yalifika Kawangware na huku kwetu kwa njia ya jirani kumwonyesha jirani, na hiyo ndiyo sababu ninaiamini sana njia hii. Kitu ambacho watu wanaendelea kukifanya miaka mingi baada ya wafadhili kuondoka ni kitu kinachowafaa.

Lakini gunia lina udhaifu mmoja, nao ni kiu. Shamba la kawaida likipigwa na jua, mizizi hushuka chini kutafuta unyevu. Mzizi wa gunia hauna pa kushuka. Jua linalipiga juu na ubavuni, na ukuta wa bati ulio nyuma yake unalirudishia joto hadi jioni. Langu moja hutaka lita tatu kila asubuhi wakati wa kiangazi. Likikosa siku mbili, udongo hujikunja na kuachana na nailoni, kunabaki ufa mwembamba kuzunguka gunia lote. Siku ukipata maji na kuyamwaga, yanapita kwenye ufa huo na kutokea chini bila kuugusa mzizi hata mmoja. Utaona dimbwi miguuni mwako na udhani umenyweshea. Nimewaona watu wakikata tamaa hapo, wakisema gunia halifai. Dawa yake ni kuushindilia udongo kwa kidole pembeni, kumwaga kikombe kimoja, kungoja, kumwaga kingine, asubuhi nzima.

Kiangazi pia huleta wadudu. Vidukari, wale wa kijivu wanaojibana chini ya jani kama unga, hupenda mmea wenye kiu. Mvua nzuri ikinyesha huwaosha, isiponyesha tunawanyunyizia majivu. Sukuma wiki huwa chungu na ngumu. Dania huacha kutoa majani na kukimbilia kutoa maua, kwa sababu mmea unaoona kifo hutafuta mbegu kwanza. Kunde na terere huvumilia zaidi, na managu hujiotea yenyewe pale ulipomwaga maji ya kuoshea vyombo. Shosho ameniambia mara nyingi kwamba mboga za kienyeji zilikuwepo kabla ya bomba na zitakuwepo baada yake. Nami mwaka huu nimepunguza sukuma na kuongeza terere. Ni mboga inayojua mahali ilipo.

Mvua nayo ikija kwa kishindo haitupi nafuu tunayodhani. Matone mazito hurusha matope kwenye majani ya chini, na matope hayo hubeba ugonjwa: ukingo wa jani unageuka manjano, mishipa inakuwa myeusi, kichwa kinaoza. Rutuba inasombwa kupitia ile nguzo ya kokoto, na baada ya wiki tatu za mvua mfululizo mboga hugeuka rangi na kupauka ingawa zina maji tele. Koa hutoka usiku na kutoboa kila jani. Na ikinyesha mvua ya mawe, basi, kazi ya miezi miwili inaisha kwa dakika tano. Halafu inakuja Juni, mbingu ya Nairobi inafunikwa na mawingu mazito ya baridi hadi Agosti, kunakuwa na manyunyu ambayo hayalowanishi hata vumbi, na mboga zinasimama palepale, hazifi wala hazikui. Huo ndio mwaka wa mtu mwenye bustani hapa kwetu. Maji yanazidi kwa miezi michache, yanapungua kwa iliyobaki.

Na mwaka huo umekuwa mkali zaidi kuliko tulivyouzoea. Tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilishindwa mmoja baada ya mwingine katika Pembe ya Afrika. Waliopoteza zaidi ni wafugaji wa kaskazini na mashariki mwa Kenya, na kusini mwa Ethiopia na Somalia, na sitathubutu kulinganisha magunia yangu na mizoga ya ngamia wao. Lakini Aprili 2023 wanasayansi wa World Weather Attribution walieleza jambo linalotuhusu sote: mabadiliko ya tabianchi yaliufanya ukame wa aina ile uwezekane angalau mara 100 zaidi, na sababu kubwa ilikuwa joto. Joto lilinyonya unyevu kutoka udongoni na kwenye mimea. Yeyote aliyegusa ubavu wa gunia saa nane mchana mwezi wa Februari ameshausoma utafiti huo kwa kiganja chake. Hapa mjini ukame ule tuliuonea kwenye kibanda cha mama mboga. Bei ya fungu ilibaki shilingi 10, ila majani yakawa yanapungua, hadi fungu likawa majani matatu yaliyofungwa kwa uzi.

Kisha bahari ikageuka. Mwishoni mwa 2023 maji ya Bahari ya Hindi upande wetu yalikuwa na joto zaidi kuliko upande wa Indonesia, El Niño ikaongezea, na vuli ikawa gharika. Masika ya 2024 yakaja juu ya ardhi iliyokwisha kushiba. Mwishoni mwa Aprili mito ya Nairobi ilivunja kingo. Mathare, Mukuru na Kibera watu walipoteza nyumba na jamaa, na nchi nzima ilipomaliza kuhesabu, waliokufa walikuwa karibu 300. Serikali iliamuru watu waondoke ukingoni mwa mito, matingatinga yakafuata. Pamoja na nyumba ziliondoka bustani nyingi ambazo hakuna aliyeziorodhesha, kwa sababu ukingo wa mto ndio mahali pekee ambapo maskini wa mji huu alipata kipande cha udongo wenye unyevu mwaka mzima.

Sisi wa huku juu tuna sehemu yetu katika gharika ya watu wa chini. Upande wa kusini wa Dagoretti maji hushuka kuelekea mto Motoine, na Motoine huingia Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953 na ambalo sasa limefunikwa na magugu maji na taka, hapo mlangoni pa Silanga. Neno silanga lenyewe ni bwawa kwa wenyeji. Kila paa la huku lisilo na pa kuhifadhi maji linayasukuma yote kwa mara moja hadi kwa mtu wa Kibera. Zamani kulikuwa na mashamba ya mahindi na napier baina ya nyumba, udongo ukinywa sehemu yake. Leo kuna maghorofa ya kupangisha, uwanja umepigwa kabro hadi kwenye geti, na mvua ya robo saa inatosha kuufanya mtaro wetu ufurike. Lita 3,360 za ploti moja ni kidogo. Ploti ziko maelfu.

Kwa hiyo ninaposema mvua iwekwe, sizungumzii mboga zangu tu, ingawa nazijali mboga zangu. Nairobi hutegemea bwawa la Ndakaini kule Murang'a, lenye uwezo wa mita za ujazo milioni 70, kwa sehemu kubwa mno ya maji yake. Bwawa likishuka, kama lilivyoshuka na kuleta mgao wa Januari 2017, mitaa yetu ndiyo hukatiwa kwanza na kurudishiwa mwisho. Bomba likikauka, bei ya mtungi hupanda. Nimewahi kuununua kwa 50. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayemwagia sukuma maji ya shilingi 50. Hapo watu hurudi kwenye maji ya mto, na mto wetu tunaujua unavyobeba vinyesi na kemikali za magereji. Wengine huziba mabomba ya maji taka ili yafurike shambani. Siwalaumu wala siwatetei. Ninasema wanafanya hivyo mita chache kutoka kwenye mapaa ambayo yangewapa maji safi kuliko hayo, kama yangekuwa na mfereji wa paa, yaani gata, na tangi.

Nirudi kwenye hesabu, maana ndiyo iliyonishangaza kuliko yote. Magunia manne ya shosho yanahitaji lita 12 kwa siku. Kiangazi cha siku 90 kinahitaji lita 1,080. Paa la chumba chake, tukikubali kwamba sehemu moja kwa tano ya mvua itapotea kwa kurukia pembeni na kuvuja, linahitaji milimita 150 tu kutoa maji hayo. Aprili peke yake, katika mwaka wa kawaida, hutupa zaidi ya hizo. Yaani mvua ya mwezi mmoja, juu ya paa la mwanamke mmoja, inaweza kuipitisha bustani yake kiangazi kizima. Kinachokosekana ni mfereji wa bati wa kuyakusanya maji, bomba la kuyashusha, na chombo cha kuyaweka.

Na ruhusa. Hapo ndipo tunapokwama. Karibu sote hapa ni wapangaji. Mpangaji hana sababu ya kununua gata ya paa ambalo ataliacha mwezi ujao akipandishiwa kodi. Mwenye nyumba naye haishi hapa, hanywi maji haya, hali mboga hizi, na kodi yake inaingia mvua inyeshe isinyeshe. Miaka miwili iliyopita jirani yetu mmoja alipasua bomba la plastiki katikati, akalifunga kwa waya chini ya ukingo wa paa na kuweka pipa. Lilidumu wiki moja. Msimamizi wa ploti alilishusha akisema litaozesha mbao na pipa litaleta mbu. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anatimiza alichoagizwa. Pipa lilibaki uani likiwa limepinduliwa, watoto wakilitumia kama ngoma.

Hoja za mbu na za uchafu zinajibika. Pipa lililofunikwa wavu mdomoni halizalishi mbu, dimbwi la mtaro ulioziba ndilo linalozalisha. Maji ya mvua ya kwanza baada ya kiangazi hubeba vumbi, kutu na vinyesi vya ndege, kwa hiyo hayo yaachwe yaende. Yanayofuata yanafaa kwa mboga na kwa kufua. Mimi nisingeyanywa bila kuyachemsha, lakini maji ya mkokoteni pia siyanywi bila kuyachemsha.

Hoja ya mbao inabaki kwa mwenye nyumba, na hapo ndipo ninapoitaka Kaunti. Mwaka 2015 Nairobi ilipitisha sheria ya kuendeleza na kusimamia kilimo cha mjini. Ilikuwa hatua kubwa kwa mji ambao kwa miongo mingi ulituma askari wa kanjo kukata mahindi ya wanawake kwa kisingizio kwamba yanaficha mbu, wakati watafiti wa Mazingira Institute walikwishaonyesha tangu miaka ya 1980 jinsi watu wa mijini wanavyojilimia chakula. Sasa kulima si kosa tena. Vilevile Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya chakula cha kutosha na maji safi ya kutosha. Lakini sheria inayomruhusu mpangaji kulima na kumwacha bila maji yanayoanguka juu ya kichwa chake imemfikisha nusu ya safari. Ninachotaka ni rahisi kukiandika: nyumba yoyote ya kupangisha isipewe kibali cha kujengwa bila gata na tangi linalolingana na paa lake, ploti za zamani zipewe muda na punguzo la ada za Kaunti zikifunga, na mpangaji anayekinga maji ya mvua asifukuzwe wala asinyang'anywe chombo chake kwa sababu hiyo.

Atakayesema hili ni jambo geni aende Lamu. Katika visiwa vya Lamu Mashariki, ambako maji ya visima yana chumvi, watu wamejenga jabia tangu zamani: sakafu pana iliyosakafiwa ili kukusanya mvua, ikielekeza maji kwenye tangi la chini lililoezekwa kuba. Jabia si la mtu mmoja, ni la kijiji. Watu wale waliona kwamba mvua ni chache na bahari haifai kunywewa, wakaifanya sakafu yenyewe iwe ya kukinga maji. Ukambani wamejenga mabwawa ya mchanga yanayoficha maji ya mto wa msimu chini ya ardhi. Na mbali huko Bermuda, kisiwa kisicho na mto hata mmoja, sheria inalazimisha kila nyumba ikinge mvua kwa paa lake na kuiweka kwenye tangi chini yake. Mapaa yao meupe ya ngazi yamejengwa kwa kazi hiyo. Hakuna mwenye nyumba wa Bermuda anayeuliza kama gata itaozesha mbao.

Ninajua kuna watakaosema bustani za gunia ni jambo dogo katika mji wenye shida kubwa, na kwamba ardhi ndilo swali la kweli. Ni kweli ardhi ni swali. Wanubi wa Kibera, wajukuu wa askari wa King's African Rifles, walikuwa na mashamba pale. Eneo lililotangazwa mwaka 1918 lilikuwa ekari 4,197, na hati waliyopewa hatimaye mwaka 2017 ilikuwa ya ekari 288. Hadithi ya Riruta nayo ni ya mashamba yaliyokatwa vipande, vipande vikawa ploti, ploti zikawa vyumba, vyumba vikawa magunia ukutani. Sina jibu la ardhi. Lakini kila mara mtu anapopoteza udongo hapa mjini, mvua humfuata hadi kwenye paa lililobaki, kiasi kilekile kwa kila mita ya mraba. Ndiyo maana siwezi kuikubali ipotee hivi hivi.

Tulikwenda kwa mwenye nyumba, wapangaji saba, Jumamosi moja alipokuja kukagua choo. Shosho ndiye aliyesema, kwa sababu sisi wengine tungesema kwa hasira. Alimwita "baba," akamwonyesha mahali maji ya paa yalipochimba msingi wa ukuta, shimo la kuingia kiganja, akamwambia kwamba gata ingeuokoa ukuta wake kabla haijaziokoa mboga zetu. Hilo hakuwa amelifikiria. Aliinama akatazama, akaingiza vidole shimoni, akanyamaza kidogo. Akasema atafunga gata upande mmoja, wa vyumba sita, na pipa tununue wenyewe.

Tumenunua mapipa mawili ya lita 200, tukachanga. Usiku wa mvua iliyofuata nilisikia maji yakishuka kwenye bomba badala ya kupiga sakafu, sauti nzito, kama mtu anayemimina uji. Shosho alitoka na tochi kabla yangu. Kufikia saa nne usiku mapipa yote yalikuwa yamejaa na maji yakimwagika juu, tukaamsha watu waje na mitungi, mabeseni, sufuria, chochote. Mtoto wa chumba cha tano alileta kikombe. Upande wa pili wa ploti, vyumba sita vingine, mvua ilikuwa ikiteremka mtaroni kama kawaida, na kutoka pale tulipokuwa tumesimama tuliisikia yote.